Mgonjwa akiruhusiwa, nani amwambie nani?

SWALI: Mama alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Ijumaa anaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na mpira wa mkojo. Muuguzi wa kumhudumia nyumbani tumeshampata, ila wodini wanasema tutapewa karatasi ya dawa tu. Inatosha?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Haitoshi. Karatasi ya dawa inasema ameze nini. Haisemi aache nini, na balaa huanzia hapo. Mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa ya presha iitwayo nifedipini nyumbani huandikiwa amlodipini hospitali, akirudi anameza zote mbili. Ni dawa za kundi moja: presha inashuka mno, anaishiwa nguvu, na nyumba nzima inadhani kiharusi kimerudi. Pelekeni wodini dawa zote zilizoko nyumbani, na pakiti zake. Daktari aandike orodha moja: za kuendelea, za kuacha, na saa aliyopewa dozi ya mwisho.

Muuguzi wenu aende wodini siku moja kabla, kwa ridhaa ya mama, amwone muuguzi msimamizi. Asiende wakati wa raundi ya madaktari wala wa kubadilishana zamu, hatasikilizwa. Aangalie mama akilishwa, ajue uji wa uzito gani unapita bila kukohoa. Kisha wakague pamoja makalio na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo wapapase: palipo na joto, pagumu au palipobadilika rangi, kidonda cha kulalia kinaanza. Waandike kabla hajatoka, la sivyo wodi na nyumbani watalaumiana.

Kuhusu mpira, ziandikwe tarehe ulipowekwa, namba ya ukubwa, aina na mililita za maji kwenye puto linaloushikilia ndani ya kibofu. Wa lateksi kwa kawaida hubadilishwa kila wiki 4 hivi, ulio wa silikoni tupu huweza kufika wiki 12. Mililita zina kazi yake: anayeutoa lazima ajue maji yote yametoka, maana puto lililobaki na maji huchana njia ya mkojo. Na ulizeni kama bado anauhitaji, kwa sababu kila siku unapokaa, hatari ya maambukizi inaongezeka.

Ijumaa jioni ikataeni kwa adabu. Mfuko wa mkojo ukipasuka usiku, mtahangaika wikiendi nzima.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa majumbani. Kila nikipiga simu wodini naambiwa tu, "Mlete."
Muuguzi, Tanga

JIBU: Simu inayoanza na "hali yake si nzuri" haina jibu jingine. Taja jina, wodi na tarehe aliyoruhusiwa, halafu vipimo, ulichofanya na unachoomba. Kwa mfano: "Tangu saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana mkojo ni mililita 150 tu. Mpira haujapinda, mfuko uko chini ya usawa wa kibofu, tumbo la chini limejaa. Naomba kibali cha kuubadilisha." Hapo kuna la kuamua.

Ila mgonjwa akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukipinda upya au pumzi ikimshinda, tafuta gari kwanza. Wodini mtapiga mkiwa njiani.