Maswali ya Wasomaji: Wapigaji Gitaa Waliotufundisha Bila Kutuona

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, mimi ni mwalimu mstaafu ninayepiga gitaa kavu nyumbani kwa kujiburudisha. Kila tukikutana barazani wenzangu hubishana: mmoja anamtaja Franco, mwingine Dk. Nico, wa tatu hasikii la mtu mwingine ila Mbaraka Mwinshehe. Kwa maoni yako, ni mpigaji yupi aliyetuathiri zaidi sisi tusio na bendi? (M.K., Tanga)

JIBU: Ndugu M.K., naona barazani kwenu mnachanganya mambo mawili, yaani mpigaji anayependwa kuliko wote na mpigaji anayeigwa kuliko wote na mtu aliye peke yake na gitaa lake. Franco na Dk. Nico, wakongwe wa bendi za rumba za Kongo, walipiga gitaa la umeme huku nyuma yao kuna gitaa la rhythm (la kushika mwendo wa wimbo), besi, tumba na waimbaji, kwa hiyo anayejaribu kuziiga solo zao chumbani hubaki na kipande kimoja cha kitu kilichotungwa kwa vipande vingi. Nikitakiwa kutaja jina moja tu kwa ajili ya watu wa aina yako, nitamtaja Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambaye wengi walimjua pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mitambo yake ya kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi nyimbo kadhaa, ukiwemo "Masanga". Santuri ya wimbo huo ilipoanza kuchezwa redioni na kuuzwa madukani, wapigaji wengi walidhani wanasikia magitaa mawili, kwa sababu besi ilitembea chini bila kusita, na juu yake nyuzi nyembamba zikaimba sauti nyingine ambayo mapigo yake hayakuangukia pale yalipoangukia mapigo ya besi. Kazi yote hiyo ya mkono wa kulia aliifanya kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Hapo ndipo ninapoiona siri ya athari yake: muziki ulikuwa mgumu, lakini zana zake zilikuwa chache, na kijana mwenye gitaa la bei nafuu, asiye na mwalimu wala kitabu, aliweza kuketi na kutafuta kidole kipi kinafanya nini mpaka apate angalau nusu yake.

Lugha nayo ilimsaidia. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, na ingawa msikilizaji wa Mombasa au Tabora angeona baadhi ya maneno yametamkwa kwa namna ya kwao, alifuata maana na akaimba naye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, ambako sauti na gitaa lake vilitumika kutangaza dawa ya Aspro, na ndugu yake wa ukoo, Édouard Masengo, naye alifanya kazi ya muziki katika mji huo huo. Kwa hiyo wapigaji wa Kenya waliokuwa wakimsikia kwenye santuri walipata nafasi ya kuvitazama vidole vyake, na kila aliyewahi kujifunza gitaa kwa sikio anajua tofauti iliyopo kati ya kusikia na kutazama.

Wenzako wasinielewe vibaya. Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea kabla ya kufundishwa na Paul Ebengo Dewayon, na tangu bendi yake, OK Jazz, ilipoundwa mwaka 1956 alitufundisha kwamba solo fupi inayorudiwa kwa ukaidi inaweza kuteka ukumbi mzima kuliko mbio za noti nyingi. Alipenda kupiga noti mbili kwa pamoja, uzi wa kwanza na wa tatu, akiuruka ule wa katikati. Jaribu hivyo kwenye gitaa lako, ukipandisha na kushusha mkono wa kushoto kwa kufuata ngazi ya sauti, na baada ya muda mfupi utasikia kitu kinachofanana na rumba ya Kinshasa hata kama hujui nadharia yoyote ya muziki. Dk. Nico Kasanda wa African Jazz, na baadaye African Fiesta, alikuwa na mkono laini zaidi na sauti safi zaidi. Kwa masikio yangu hakuna aliyemzidi. Lakini usafi huo ulimtegemea pia kaka yake, Dechaud, aliyempangia gitaa la pili, na huyo wa pili mpigaji wa nyumbani hana.

Mbaraka Mwinshehe yuko mahali pa pekee, na nakiri ninampendelea. Alizaliwa mwaka 1944, akajulikana akiwa na Morogoro Jazz, bendi aliyokwenda nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano, hadi ajali ya gari ilipomchukua mjini Mombasa Januari 1979. Yeye aliimba na kupiga solo mwenyewe, na ukisikiliza "Shida" kwa makini utaona kwamba gitaa halisubiri zamu yake mwishoni mwa wimbo, bali humjibu mwimbaji kila anaponyamaza kuvuta pumzi. Watu wasiojua hata kukaza nyuzi huweza kuziimba solo zake kwa mdomo kama wanavyoimba maneno. Solo inayoimbika hutafutika kirahisi kwenye nyuzi, maana mwanafunzi anajua mapema sauti inayofuata ni ipi. Kwa Watanzania wa rika lako, Ndugu M.K., huenda huyu ndiye aliyewafanya wengi washike gitaa, ijapokuwa namna ya kulipiga peke yake waliipata kwa Mwenda na wenzake.

SWALI: Kila makala ya gitaa ninayosoma huanza Kongo na kuishia Kongo. Je, sisi wa magharibi mwa Kenya hatukuwa na mtu wetu? (Msomaji wa Bungoma)

JIBU: Mlikuwa naye, na tena mkubwa: George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963 angali kijana. Mtindo wake, omutibo, nao ni wa gumba na kidole cha shahada, lakini haukuwa nakala ya Mwenda. Gumba hubadilishana nyuzi nene kwa mpigo wa haraka na thabiti, kidole kinachangamsha nyuzi nyembamba, na pembeni mtu mwingine hugonga chupa tupu ya soda kwa kipande cha chuma, jambo linalomlazimu mpigaji kushika mwendo hata asipotaka. "Sengula Nakupenda" ni mlango mzuri wa kuingilia mtindo huo.

Ningeongeza kwamba athari ya Mukabi kwa wapigaji wasio na bendi ilipitia mahali ambapo santuri haikufika, yaani kwenye sherehe za vijijini, ambako mtu mmoja mwenye gitaa na mwenzake mwenye chupa walitosha kuchezesha watu usiku kucha. Benga, muziki wa dansi wa Kenya uliokuja kutawala baadaye kwa mikono ya watu kama D.O. Misiani wa bendi ya Shirati Jazz, ulihitaji umeme, besi ya kasi na wapigaji kadhaa. Ni muziki mtamu, lakini anayeutaka peke yake nyumbani atatoka jasho.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, ninajua kodi (mikao ya vidole ya kupiga sauti kadhaa pamoja) tatu au nne tu, na kila ninapojaribu solo za wakongwe ninakata tamaa. Niige nani kwanza? (A.J., Mwanza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Acha solo kwa sasa, umsikilize mpigaji wa rhythm. Vijana wengi hudhani rhythm ni kazi ya aliyeshindwa solo, na dhana hiyo imetunyima wapigaji wengi wazuri. Anza na "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika. Wimbo ule aliutunga Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, na ndiye aliyepiga rhythm. Usikilize mara ya kwanza ukifuata besi peke yake, mara ya pili ukifuata rhythm peke yake, na utagundua kwamba Profesa haburuzi mkono juu ya nyuzi zote sita kama tufanyavyo tunapoimba kwaya. Anachagua nyuzi chache, anazivunja kodi vipande vipande, na kunyamaza kwake kuna kazi kama kupiga kwake.

Kodi zako tatu zinatosha kwa zoezi hilo. Shika kodi moja, piga uzi wa besi kwa gumba na nyuzi mbili nyembamba kwa kidole cha shahada, uende polepole kiasi cha kuweza kuzungumza na mtu huku unapiga, na usibadilishe kodi mpaka gumba lijiendee lenyewe. Ukifika hapo, nyimbo za Mukabi zitakuwa zimekukaribia zaidi kuliko unavyodhani, na za Mwenda utazianza baada ya hizo. Kama nyuzi zako zimekaa juu mno kiasi cha kuumiza vidole, mpelekee fundi azishushe kabla hujajilaumu, kwa kuwa magitaa mengi ya bei nafuu hutoka dukani yakiwa na kasoro hiyo.