Vumbi la Dodoma halifutwi, linaoshwa

Kuanzia Julai hadi Oktoba, hapa Dodoma ukisafisha kioo saa mbili asubuhi, saa kumi jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Najua nyumba nyingi ambazo mapazia hayafunguliwi tena kwa sababu hiyo. Mwenye nyumba ameshachoka, anasema vumbi la huku halishindiki. Ninaandika kwa ajili ya huyo, maana nilichoka hivyo hivyo, kisha nikagundua kwamba kosa halikuwa uvivu. Nilikuwa naanzia mwisho wa kazi.

Nilihamia hapa 2019 kutoka Tanga. Kule taabu ya dirisha ni unyevu na chumvi ya bahari. Ukipitisha kitambaa mambo yameisha. Nikaja na mazoea hayo hayo Nkuhungu, kwenye nyumba ya kupanga yenye madirisha mapya ya aluminiamu. Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, nachukua kitambaa kikavu napangusa vioo vyote. Niliona raha kweli. Miezi minne hivi baadaye, jioni moja ya Oktoba, jua la kuzama likapiga moja kwa moja dirisha la sebuleni, nikaona kioo kizima kimejaa mistari myembamba ya nusu duara, mmoja juu ya mwingine, imefuata mkono wangu ulivyokuwa ukipita. Nikadhani ni sabuni. Nikaosha, nikakausha, mistari ipo. Nikapitisha ukucha, ukakwama kidogo. Ilikuwa mikwaruzo.

Vumbi letu ni mchanga uliosagika. Tazama mawe makubwa ya graniti yaliyouzunguka mji huu: yakimomonyoka, kinachobaki kwa wingi ni punje za kwatzi. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kwatzi ni 7, wakati kioo cha dirisha ni karibu 5.5. Kwa hiyo ukisugua kioo chenye vumbi kwa kitambaa kikavu, unakipiga msasa. Mikwaruzo ya namna hiyo haitoki kwa dawa ya meno wala kwa majivu, nimejaribu vyote. Kile kioo nilikinunua upya kwa pesa yangu kabla ya kukabidhi funguo.

Tangu hapo, kitambaa hakigusi kioo mpaka mchanga umeondoka kwa maji. Na kabla ya kioo, nyavu.

Watu wengi hawazikumbuki nyavu za mbu, na ndizo ghala la vumbi. Unaweza kung'arisha kioo ukajiona kwa ndani. Upepo wa saa tano ukija unapita kwenye wavu mchafu, unabeba vumbi lililolala mle na kulimwaga juu ya kioo ambacho bado kibichi. Ndipo unapopata zile tope ndogo ndogo. Kama wavu wako uko kwenye fremu inayosukumwa, uinue kidogo, uvute upande wa chini, utatoka. Ulaze uani, umwagie maji, upitishe brashi laini yenye sabuni pande zote mbili, kisha uusimamishe ukutani ukauke. Kama umepigiliwa kwenye mbao, tumia brashi kavu ukiwa nje, upande wa upepo, halafu kitambaa kibichi. Usiusukume kwa nguvu, nyuzi zikishalegea mbu hawaombi ruhusa.

Kioo chenyewe hakina kazi kubwa. Ndoo moja ya lita 10 inanitosha vyumba vitatu, na nasema hivyo nikijua mgao wa maji ulivyo katika baadhi ya mitaa. Mwagia kioo kwa kikombe kuanzia juu, maji yashuke na mchanga. Kisha chukua sponji yenye maji na tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo. Sabuni nyingi ndiyo inayoleta ukungu, hivyo usiongeze kwa kuona povu ni dogo. Suuza, halafu vuta maji kwa waipa, ile ya mkono wanayotumia vijana wa kuosha magari, kutoka juu kwenda chini, ukiufuta mpira wake kila unapomaliza mvuto mmoja. Pembeni malizia na kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi mpaka ikalainika haiachi nyuzi kwenye kioo. Kanga mpya bado ina wanga, itakupaka ukungu. Gazeti linafanya kazi pia, ila wino wake unachafua mipira ya pembeni na kingo nyeupe.

Fanya asubuhi mapema, upepo haujaamka na jua halijapiga kioo. Kioo cha moto hukausha sabuni kabla hujaisuuza.

Sasa madoa meupe. Maji tunayotumia Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, chanzo kikuu kikiwa visima vya Makutupora, na maji ya visimani hubeba chokaa na madini mengine. Tone likikauka juu ya kioo, maji yanakwenda hewani, chokaa inabaki. Ndiyo maana kioo ulichokiosha ukakiacha kikauke chenyewe kinakuwa na alama kama za machozi, na sabuni haizitoi. Zinatolewa na kitu kichachu. Mimi nalowesha kitambaa kwa siki nyeupe isiyochanganywa na maji, nakibandika juu ya doa dakika kumi, nakitoa, nasuuza kwa maji mengi, nakausha papo hapo. Siki isikae kwenye fremu ya aluminiamu, na isiguse kabisa kingo za marumaru au terazo, inazila. Tena usiichanganye na jiki hata kidogo. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini, na hewa hiyo inaunguza mapafu. Msimu wa mvua nakinga maji ya paa, nayaweka madumu mawili pembeni kwa suuza ya mwisho tu. Hayana chokaa, kioo kinakauka safi.

Rangi iliyodondoshwa na fundi hutolewa kwa wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa, wembe ukiwa umelala. Ila kama kioo kina karatasi ya tinti, wembe usiukaribishe.

Nimebakiza reli, ile mifereji ya chini ambamo dirisha linateleza. Nilikuwa nazipitia juu juu. Desemba ya mwaka wangu wa pili, mvua ya kwanza ilikuja usiku na upepo mkali. Asubuhi nikakuta godoro la mtoto limelowa upande mmoja na maji yanachuruzika ukutani chini ya dirisha. Nikaamini silikoni imeachia. Nikamwita fundi aluminiamu, akaangalia, hakusema neno. Akachukua waya mwembamba, akatoka nje, akachokoa chini ya fremu mahali ambapo sikuwahi hata kupatazama. Likatoka donge la tope, halafu maji ya rangi ya kahawia yakabubujika, reli nzima ikakauka mbele ya macho yangu. Kumbe kila reli ina vitundu vya kutolea maji kwa nje, na vumbi la miezi saba lilikuwa limeviziba kama saruji.

Kwa hiyo usimwage maji kwenye reli yenye vumbi, utatengeneza tope hilo hilo. Anza na brashi kuukuu ya meno au ya rangi, kusanya vumbi likiwa kavu, lizoe au livute kwa mashine kama unayo, ndipo upitishe kitambaa kibichi. Mwisho mimina nusu kikombe cha maji ndani ya reli ukiangalia kwa nje. Yakitoka, sawa. Yakisimama, chokoa.

Kwangu madirisha ya mashariki, yanayopigwa na upepo zaidi, naosha kila wiki wakati wa kiangazi. Ya nyuma kila wiki mbili. Uani nanyunyiza maji kabla ya kufagia, na mbele ya dirisha la sebuleni nimemwaga kokoto, hapo tofauti niliiona mwezi ule ule. Reli nazikagua zote katikati ya Novemba, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika. Ule waya wa fundi aliniachia. Unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni.