Kamba Wangu Wamekufa, Nimetia Nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 240 hapa Maskati. Lina matumbawe saba na samaki wanne, na nilikuwa na kamba wawili, wale wekundu wenye mstari mweupe mgongoni. Dukani niliambiwa matumbawe hayakui bila madini ya ziada, nikanunua vichupa vitatu: ayodini ya Lugol ya asilimia 5, strontiamu na chuma. Kila Ijumaa natia ayodini matone matano, na hivyo vingine kifuniko kimoja kimoja. Huu mwezi wa tatu. Kioo kinaota ukijani kila baada ya siku mbili, matumbawe yamesimama palepale, na wiki iliyopita kamba wote wawili nimewakuta chali. Vipimo vyangu: chumvi 35, kalisiamu 370, alkali digrii 5.8. Niongeze kipi?
Msomaji, Maskati

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kamba. Usiongeze kitu. Kaa tupige hesabu kwanza, maana hayo matone matano yamenitia baridi.

Maji ya bahari yana ayodini kiasi cha miligramu 0.06 kwa lita. Kwa hiyo tangi lako zima, ili lifanane na bahari, linataka miligramu 14 na ushei, basi. Tone moja tu la Lugol ya asilimia 5 lina kama miligramu 6. Matone mawili na kitu, tangi limeshiba! Wewe unatia matano kila wiki, tena juu ya chumvi ya dukani ya kutengenezea maji ya tangi, ambayo imekuja na ayodini yake. Ni kweli mkaa wa kuchujia na mashine ya povu, ile inayotoa uchafu kwa mapovu, huondoa sehemu, na muuzaji atakwambia hivyo. Lakini nani amekupimia kilichobaki? Ayodini ndiyo yale madini joto ya chumvi ya mezani, na ndiyo pia dawa ya kidonda tuliyopakwa utotoni tukalia. Dawa inayoua vijidudu haimuulizi kamba yeye ni nani. Siapi kwamba ndiyo iliyowaua, sikuwapo. Ila kesi ikiletwa kwangu, mshtakiwa wa kwanza ni huyo.

Chuma nacho, katika bahari ya wazi, hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya miligramu kwa lita. Mwani huishi na njaa ya chuma. Wewe umeupelekea kifuniko kizima, nao umeitikia mwito kiooni kwako. Strontiamu sina ugomvi nayo sana. Bahari ina miligramu 8 kwa lita, tumbawe huimeza kwa kuwa inafanana na kalisiamu, na chumvi nzuri inayo tayari.

Nakusema, lakini mimi mwenyewe nimepita huko. Hapa Mombasa nachota maji baharini kwenyewe, siku za bamvua maji yakijaa, mbali na midomo ya vijito, na masika ikikaza sichoti, maana mvua huyapooza chumvi. Na bado, na bahari mlangoni, nilikuwa na vichupa kumi na kimoja kabatini. Mkono ulitaka kazi tu. Siku moja mke wangu akaniuliza: kule mwambani nje, nani anayatilia matumbawe vichupa? Nikanyamaza. (Wewe usije ukachota pale bandarini Matrah, huko kwenu Maskati, kwa kunisikia mimi, mafuta ya vyombo yatakumaliza.)

Sasa tazama vipimo ulivyoviandika mwishoni kama jambo dogo. Alkali, yaani kaboneti iliyoyeyuka majini, 5.8, na bahari ni kama 7. Kalisiamu miligramu 370 kwa lita, na bahari ni 410 na zaidi. Tumbawe hujijengea mifupa kwa vitu hivyo viwili, mawe yaleyale yaliyojenga kuta za Mji wa Kale hapa Mombasa. Fundi amekosa mawe na chokaa, wewe unamletea rangi ya mlango.

Anza na alkali. Chukua baikaboneti ya soda, ile safi ya kuokea, si poda ya kuumulia keki, maana hiyo ina mchanganyiko mwingine. Gramu 7 zitapandisha tangi lako digrii moja. Koroga kwenye maji safi yaliyochujwa, mimina polepole mahali penye mkondo, na usizidishe digrii moja kwa siku. Kalisiamu pandisha kwa kalisiamu kloraidi, saa nyingine, usivimimine pamoja. Vikikutana vikiwa vikali vinageuka weupe kama chokaa na umepoteza vyote. Pima magnesiamu pia. Iwe karibu na miligramu 1,300 kwa lita. Ikiwa chini mno, hizo mbili hazitulii.

Vichupa vitatu funga. Badilisha maji lita 60 kila wiki kwa wiki nne: kilichozidi kitabaki kama theluthi, na mkaa mpya utasaidia kwa ayodini. Baada ya hapo lita 24 kwa wiki zinatosha kwa matumbawe saba, na madini haba yanakuja humo humo ndani ya chumvi. Ukitaka kweli kujua kilichomo, ziko maabara Ulaya zinazopokea kichupa cha maji kwa posta na kukuandikia orodha nzima.

Kamba usinunue sasa. Ngoja wiki nne ziishe, kisha mlete mmoja, si wawili.