CG125 ya 1976: anza na breki, rangi baadae

Mkuu, umeuliza kama pikipiki ya mzee wako, Honda CG125, inaweza kubaki na sura yake ya zamani ikapata breki na umeme wa kisasa: inaweza kabisa, na usiiuze aisee. Breki ya ngoma ya mbele achana nayo, tafuta shokapu za mbele, rimu na diski vyote toka pikipiki moja, ila pima kwanza kama ule mhimili wa steringi na bearing zake vinaingia kwenye fremu yako maana hapo ndo wengi wanakwama. Umeme wa volti 6 toa wote, koili ya chaji, regyuleta, betri na balbu viende 12 kwa pamoja, na ukiweka CDI (kifaa cha kielektroniki cha kuwasha plagi badala ya platini) hutosafisha tena platini. Fremu ikikatwa, iwe nyuma tu ya pale zinaposhika shokapu za nyuma, hata fundi akikubembeleza. Tenki usiguse.