Pawa stelingi kwenye Camaro ya 1969

SWALI: Chevrolet Camaro yangu ya 1969 ina usukani mgumu, hauna pawa. Nikifunga pampu ya pawa stelingi tu, itatosha?

JIBU: Haitoshi. Badilisha stelingi boksi (boksi la gia za usukani), mkono wa pitimani (unaotoka kwenye boksi hilo kwenda kugeuza magurudumu) na kiungo cha mpira kinachoshika shafti ya usukani. Usitegemee vya zamani vitaingia. Puli ya pampu inyooke na ya krenki (shafti kuu ya injini), la sivyo mkanda utachomoka.

Pampu nyingi mpya huharibika siku ya kwanza, kwa haraka tu ya kuwasha injini kabla ya kutoa hewa. Inua magurudumu ya mbele, jaza mafuta ya pawa stelingi, kisha, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 20 hivi huku ukiongeza mafuta. Yakitoa povu, hewa bado imo.