Maswali na Majibu ya TEHAMA: Leseni ya huduma za ziada apewe nani?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni ofisa utawala katika kiwanda cha kusindika minofu ya sangara kilichopo Ilemela, Mwanza, chenye vituo vya kununulia samaki Musoma, Bukoba na Nansio. Wafanyakazi wenye akaunti ni 60, wote wakitumia Microsoft 365 Business Standard, kifurushi cha kulipia cha barua pepe na programu za ofisi, na vikao vyetu na wanunuzi wa Ulaya hufanyika kwa Teams, programu yake ya mikutano ya mtandaoni. Mkurugenzi aliona huduma za ziada za Teams Premium wakati wa majaribio, akaagiza kila mtu anunuliwe leseni yake, yaani ruhusa ya kuzitumia inayolipiwa kwa kila mtumiaji. Mhasibu anasema ankara ya sasa tayari inatuelemea. Je, ni lazima kila mmoja awe nayo ndipo huduma hizo zifanye kazi?

Msomaji wa Ilemela

JIBU: Si lazima, ndugu msomaji, na ninakuomba umfikishie mkurugenzi maelezo haya kabla hajaidhinisha malipo. Teams Premium, iliyoanza kuuzwa Februari 2023, haijitegemei. Ni leseni ya nyongeza inayowekwa juu ya ile mliyo nayo, na bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola 10 kwa mtumiaji kwa mwezi. Kwa watu 60 hizo ni dola 600 kila mwezi, bila kuhesabu VAT ya asilimia 18, nazo zinaongezeka juu ya gharama mnayolipa sasa. Kabla ya kukubali mzigo huo, chukueni kila huduma mnayoitamani na muulize: ni leseni ya nani inayoiwezesha?

Jibu hutofautiana, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Tuseme ofisa wenu wa mauzo ya nje anaandaa kikao na wanunuzi watatu ili kuwaonyesha orodha ya bei za minofu. Katika mipangilio ya kikao, kabla hakijaanza, anaweza kuwasha alama inayopitisha anwani ya barua pepe ya kila mshiriki, kwa maandishi hafifu, juu ya kile anachokitazama. Picha ya orodha hiyo ikisambaa, itajulikana imetoka kwenye skrini ya nani. Kwa huduma hii leseni inayohitajika ni ya mwandaaji peke yake, na wanunuzi hawahitaji kununua chochote. Mwandaaji awaarifu mapema, hata hivyo, kwa kuwa mshiriki anayeingia kwa programu au kifaa kisichoikubali alama hiyo husikia sauti tu bila kuona picha. Violezo vya vikao, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari, na huduma za ziada za semina za mtandaoni hufuata utaratibu huohuo wa kumtazama mwandaaji.

Muhtasari unaotayarishwa kwa akili mnemba, ule unaotoa hoja kuu na kazi walizopangiwa watu baada ya kikao kurekodiwa au kunakiliwa kwa maandishi, ni habari nyingine. Huo kila anayetaka kuuona lazima awe na leseni yake mwenyewe. Sioni sababu ya karani wa Nansio, anayeingia kikaoni kwa simu ili kutaja uzito wa samaki waliopokelewa, kulipiwa huduma hiyo. Kwa kiwanda kama chenu ningeanza na maofisa wa mauzo ya nje, anayeandaa semina za wanunuzi na katibu wa vikao vya menejimenti. Leseni ifuate kazi anayoifanya mtu, isifuate cheo chake. Meneja ambaye huhudhuria tu vikao vilivyoandaliwa na wengine, na hahitaji kuuona muhtasari huo, hana haja nayo.

Kuhusu ankara inayowaelemea, nashuku kuwa sehemu yake inatokana na watu walioondoka. Mwombe msimamizi wa mfumo afungue ukurasa wa leseni mbele yako, ulinganishe idadi ya leseni zilizogawiwa na orodha ya mishahara ya mwezi huu, jina kwa jina. Ofisi nyingi humzuia mfanyakazi aliyeacha kazi asiweze kuingia, zikadhani zimemaliza, wakati kuzuia kuingia hakuirudishi leseni: akaunti imefungwa lakini malipo yanaendelea. Iwapo barua pepe za wateja bado zinafika kwa aliyeondoka, msimamizi abadilishe sanduku lake la barua pepe liwe la pamoja, linalofunguliwa na watu kadhaa, leseni ikiwa bado ipo, kisha ndipo aiondoe. Sanduku la pamoja halihitaji leseni yake lenyewe maadamu halizidi GB 50. Mafaili yake yaliyo OneDrive, hifadhi yake ya mtandaoni, yahamishwe pia bila kuchelewa, kwa kuwa akaunti ikishafutwa, kwa mpangilio wa kawaida hubaki siku 30 tu.

Leseni iliyorudishwa namna hiyo apewe mwajiriwa mpya, wala msinunue nyingine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya masharti ya mkataba: ukiingia mkataba wa mwaka unaweza kuongeza leseni wakati wowote, lakini zikishapita siku 7 za mwanzo huwezi kupunguza idadi hadi siku ya kuhuisha. Mkataba wa mwezi hadi mwezi unawaruhusu kupunguza kila mwezi, ila hugharimu karibu asilimia 20 zaidi. Kwa watumishi wa kudumu chagueni wa mwaka. Kwa vibarua wa msimu wanaohitaji akaunti, wa mwezi ni nafuu hata kwa bei hiyo. Tarehe ya kuhuisha iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu na ya ofisa utawala, wote wawili, mwezi mmoja kabla.

Mwisho, msimamizi azime uwezo wa watumiaji kujianzishia majaribio au kujinunulia huduma wenyewe. Mkurugenzi wenu alivutiwa wakati wa majaribio, na hilo si kosa, lakini ombi la leseni lipitie kwa mtu mmoja anayejua zilizobaki ni ngapi.

SWALI: Sisi ni kikundi cha kijamii cha Musoma kinachotumia Slack, programu ya mazungumzo ya vikundi, bila malipo. Mazungumzo yetu ya zamani hayaonekani tena. Je, tumeibiwa taarifa?

Msomaji wa Musoma

JIBU: Hapana, hakuna aliyewaibia. Mpango wa bure wa Slack huonyesha ujumbe wa siku 90 zilizopita tu, na tangu Agosti 2024 taarifa zilizozidi mwaka mmoja katika mpango huo hufutwa kabisa. Zilizo kati ya siku 90 na mwaka zimefichwa tu, nazo huonekana tena mkianza kulipia. Kama mna uamuzi wa fedha au wa wanachama uliopitishwa humo katika kipindi hicho, pigeni hesabu ya kulipia sasa kabla mwaka haujatimia. Kabla ya hapo ulizeni utaratibu wa Slack kwa mashirika yasiyotafuta faida, na muwe na cheti chenu cha usajili mkononi mnapoomba. Kuanzia leo, katibu anakili maamuzi kila mwisho wa mwezi katika kumbukumbu iliyo nje ya programu hiyo.