Skani jarida zima, mpaka matangazo

Wanaokusanya santuri nawajua wengi, wanaokusanya majarida ya muziki ni wachache, na wanaoyaskani hao ndo wa kuhesabu kabisa. Swali ninaloulizwa kila mara ni lilelile: mzee katangulia mbele za haki, kaacha boksi, ndani kuna Melody Maker, NME, Drum, Record Collector, labda na Nchi Yetu kadhaa, sasa tufanyeje, tukate picha za wasanii tubaki nazo halafu mengine yaende kufungia karanga? Hapana jamani. Usikate hata ukurasa mmoja. Skani jarida lote, jalada la mbele mpaka la nyuma, na hasa zile kurasa unazoziona hazina maana, yaani matangazo ya maduka, orodha za bei, barua za wasomaji, vitangazo vya watu wanaotafuta santuri fulani.

Nisikilize kwanza kwa nini nalisisitiza hili.

Chukua santuri ya 45, ile ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika, ya bendi ya Dar ya miaka ya 70. Hapa kwetu hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania au bendi inasafiri mpaka Nairobi, na santuri zenyewe zinafyatuliwa Nairobi. Sasa angalia lebo pale katikati: jina la bendi, jina la wimbo, mtunzi, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, namba ya lebo, yaani ile kampuni iliyotoa santuri imeipa, basi. Mwaka mara nyingi hamna. Unaweza ukaigeuza santuri mpaka usiku na mwaka usiuone. Lakini ukipata gazeti au jarida la zamani lenye tangazo la duka linalosema santuri mpya zimeingia, na chini wamepanga namba zake, na juu ya ukurasa kuna tarehe, hapo umeshapata tarehe ya ile namba na za jirani zake pia. Ukiwa na matangazo kadhaa ya aina hiyo unaanza kupanga mfululizo mzima wa lebo. Na usidhani ni uchawi wa wakusanyaji tu, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa 1977 ukafunguliwa tena 1983, kwa hiyo kujua santuri ya bendi ya Dar imetoka Nairobi kabla au baada ya kufungwa ni historia yetu kabisa, inakwambia nani alivuka, nani alibaki kule, na nyimbo zilifikaje.

Hata huko nje ni hivyo hivyo. Record Collector ya Uingereza, toleo la kwanza Machi 1980, lenyewe limezaliwa kwenye matangazo. Kulikuwa na kijarida cha mashabiki wa Beatles, The Beatles Book, kilichotoka 1963 mpaka 1969, matoleo 77, halafu mwaka 1976 wakaanza kukirudia kukichapa, na zile kurasa za watu wa kununua na kuuza santuri zikajaa zikajaa mpaka wakaona hizi zinastahili jarida lake. Goldmine ya Marekani iliyoanza 1974 ndo usiseme, kurasa kwa kurasa ni orodha za santuri za kuuza na za mnada, herufi ndogo kama chawa. Na Blues Unlimited, iliyoanzishwa 1963 na mashabiki wawili kwenye mji mdogo wa Bexhill-on-Sea, raha yake nusu iko kwenye barua na vipande vifupi vya watu waliokuwa wanatafutana taarifa za wanamuziki ambao hakuna gazeti kubwa lililowajali. Sisi mashabiki wa muziki wa Afrika tulikuwa na Folk Roots ya Uingereza na The Beat ya Los Angeles, na humo nenda kwenye matangazo ya maduka kama Stern's ya London uone santuri zipi za Afrika zilikuwa zinafika Ulaya na kwa bei gani. Hakuna makala ya mwandishi yeyote itakayokupa hiyo.

Ndo maana naipenda sana ile kazi ya tovuti ya World Radio History, wameweka Billboard, Cash Box, Melody Maker na mengine mengi, ukurasa kwa ukurasa kama yalivyochapwa, na unaweza kutafuta neno ndani yake bure. Kuna hazina nyingine, kama Rock's Backpages, ambazo nguvu yake ni maandishi ya makala zenyewe, na zinasaidia sana ukitaka kusoma mwandishi kasema nini, lakini ukitaka kujua wiki ile duka lilikuwa linauza nini kwa shilingi ngapi unahitaji ukurasa mzima.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Skana. Usikimbilie bei wala jina, uliza inatumia teknolojia gani. Zile nyembamba nyepesi zinazopata umeme kwa waya wa USB tu nyingi ni za aina ya CIS, zinaona vizuri kitu kilicholala bapa kwenye kioo lakini ukurasa ukinyanyuka kidogo tu pale katikati ya jarida maandishi yanafifia. Zile nene zaidi za CCD zinavumilia ukurasa ulioinuka. Kwa majarida yaliyobanwa na pini za stepla unaweza kutumia hata CIS kwa sababu unafungua pini unalaza karatasi, kwa majarida yaliyogandishwa kwa gundi mgongoni tafuta CCD au tumia kamera, usilikandamize jarida mpaka mgongo ulie ka!

Pini hizo usizitoe kwa kile kidude cha kung'olea cha ofisini, kinachana karatasi. Fungua jarida katikati, inua miguu ya pini kwa kisu butu au spatula nyembamba, inyooshe iwe wima, halafu geuza jarida na utoe pini kwa upande wa mgongo taratibu. Pini za zamani kwa unyevunyevu wa huku pwani zina kutu na kutu inakula karatasi, kwa hiyo usizirudishe, weka karatasi kwa mpangilio wake ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, inatosha.

Kabla ya kuskani nunua manila nyeusi moja, ya kawaida tu ya steshenari. Iweke nyuma ya kila ukurasa unaouskani. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, maandishi ya upande wa pili yanaonekana kwa nyuma, na ile nyeupe ya mfuniko wa skana ndo inazidisha, ukiweka nyeusi yanapotea karibu yote. Ni kitu cha bei ndogo mno na hakuna programu itakayokufanyia vizuri hivyo baadaye.

Ukubwa wa picha: dpi 300, yaani vidoti 300 kwa kila inchi, inasoma maandishi ya kawaida vizuri, lakini kwa majarida haya mimi nakwambia anza na 400, na kwa zile orodha za Goldmine nenda 600. Herufi zikiwa ndogo kwenye 300 kompyuta inasoma 8 inaandika B, sifuri inakuwa herufi O, moja inakuwa l, na kwenye orodha ya santuri namba ya lebo ndo kila kitu, ikikosewa herufi moja hutaipata tena ukiitafuta. Picha za majarida nazo zina shida yake, zimechapwa kwa vidoti vidogo vidogo na vile vidoti vikikutana na mistari ya skana vinatoa mawimbi juu ya uso wa msanii, dawa yake ni kuskani kwa 600 halafu ndo upunguze saizi kwenye nakala ya kusomea. Skani kwa rangi hata kama ukurasa ni mweusi na mweupe, kwa sababu doa la maji, njano ya karatasi na wino wa kalamu ya mwenye jarida vinatofautiana kwa rangi. Alama za kalamu usizifute kamwe, mtu aliyeweka tiki pembeni ya santuri mwaka 1981 kakuachia taarifa.

Nakala kuu weka kwa aina ya faili inayoitwa TIFF. Ukurasa wa A4 kwa rangi kwenye 400 ni kama MB 46 kabla ya kubanwa, jarida la kurasa 64 linakaribia GB 3, na kwenye 600 ukurasa mmoja tu unapita MB 100. Najua ni nzito, lakini TIFF unaweza kuibana kwa njia ya LZW bila kupoteza kitu, wakati JPEG kila ukiifungua ukairekebisha ukaisevu inapoteza kidogo. Kutoka kwenye TIFF unatengeneza PDF ya kusomea, hiyo ndo ya kurushiana. Kunyoosha kurasa na kukata pembeni tumia ScanTailor, ni ya bure, na kwa kusoma maandishi kuna Tesseract, ya bure pia, na Kiswahili inakielewa, ila lazima uichagulie lugha, ukiiacha kwenye Kiingereza itakuandikia vituko.

Kama huna skana simu inafaa, usisubiri. Kamera ya megapikseli 12 ikijaza fremu na ukurasa wa A4 inakupa kama dpi 340, si haba. Ukurasa mkubwa wa saizi ya gazeti hapo inashuka mpaka 240, kwa hiyo piga nusu ya juu na nusu ya chini halafu uziunganishe. Simu iwe juu kabisa imelala sambamba na ukurasa, taa mbili kila upande zikimulika kwa mshazari, flashi ya simu zima, na zile app za kuskani risiti zinazong'arisha karatasi iwe nyeupe pee zima huo ung'arishaji, unaua picha zote na kuacha maandishi tu.

Majina ya faili, hapa watu wanapuuzia sana. Jina la jarida, mwaka, mwezi, ukurasa, mfano folkroots_1988-07_uk014.tif. Mwaka utangulie mwezi ili kompyuta ikupangie yenyewe. Jalada pia lipe namba, na ukurasa uliopotea au uliochanwa acha namba yake wazi na uandike kwenye faili dogo la maelezo kwamba haupo, ili anayekuja baada yako asidhani umeruka. Humo humo andika jarida lilitoka kwa nani na wapi, kama familia imeridhia. Nakala ziwe tatu, kwenye vitu viwili tofauti, na moja ikae nyumba nyingine au mtandaoni. Flashi ya USB peke yake si hifadhi.

Kuhusu haki. Kuskani chako kwa kuhifadhi ni jambo moja, kukimwaga mtandaoni ni jambo jingine. Kwa sheria za Tanzania na Kenya haki ya mwandishi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na jarida moja lina waandishi na wapiga picha wengi. Mchapishaji kama yupo mwandikie umwombe, Record Collector bado linatoka na wana hifadhi yao ya kidijitali, hao usiwaharibie biashara. Lakini faharasa yako hakuna anayekuzuia, andika toleo fulani ukurasa fulani kuna tangazo la santuri fulani, isambaze kwa kila mtu, na mtafiti akikutafuta utamwonyesha ukurasa. Kwa kweli faharasa nzuri ya majarida ishirini inasaidia kuliko mafaili elfu yasiyo na majina.

Karatasi zenyewe usizitupe baada ya kuskani. Ziinue kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa na mafuriko, ziache mbali na ukuta wa nje, na usitumie plastiki laini ya PVC inayonata kwenye wino, tumia plastiki ya polyester au karatasi. Selotepu marufuku, laminesheni marufuku zaidi. Ukiona vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula gundi, funga jarida kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke friza wiki mbili, halafu ukilitoa usifungue mfuko mpaka lirudi joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye karatasi yenyewe badala ya kubaki nje ya mfuko.

Na ukiwa na boksi kubwa hujui pa kuanzia, anza na yale ya karatasi ya gazeti, Goldmine, Melody Maker, NME na magazeti yetu ya zamani, yale yana asidi ndani yake na yanageuka kahawia na kukatika hata kama yamekaa tu kabatini. Ya karatasi ya kung'aa yanaweza kusubiri, isipokuwa maji yakiingia ndani, hapo mambo yanageuka, karatasi ya kung'aa ikilowa ikakauka kurasa zinagandana na hazifunguki tena, kwa hiyo siku ya mafuriko okoa hizo kwanza, zitie friza zikiwa bado mbichi, na zile za gazeti zianike kivulini feni ikipuliza.